Chumvi Ndani ya Mpira

Siku Chumvi alipoondoka, bomba la karakana lilibaki wazi. Maji yalijaza karai la kwanza, yakamwagikia la pili, yakapita chini ya mlango na kutokea barabarani, mpaka mshonaji wa duka la jirani akapaza sauti: "Dada Mkubwa! Leo mnaosha mihuri au mnaosha mtaa?"

Dada Mkubwa alikuwa kwenye kaunta ya mbele, anamfungia mteja muhuri wake kwenye karatasi. Aliposikia maneno ya mshonaji alisonya, akamwomba mteja radhi, akaenda nyuma hasira ikiwa tayari mdomoni.

"We mwanamume," alisema kabla hajafika mlangoni, "umesinzia na bomba linamwaga? Maji haya ni ya baba yako?"

Siku nyingine angejibiwa, "Ni ya baba yetu, Dada," kisha kicheko. Siku hiyo hakujibiwa. Mdogo wake alikuwa amelala ubavu katikati ya makarai, mkono mmoja ndani ya maji, na kile kisu chake kidogo cha kukatia mpira kimezama ndani ya karai, kinang'aa. Daktari alisema ni moyo. Watu walisema mengine, maana watu wakipewa sababu moja ya kifo huona wamepunjwa.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaa mzima ulimwita Chumvi, na jina hilo lilianza kama dhihaka. Zamani duka lao lilikuwa duka la mihuri kama maduka mengine: unachonga mpira, unaugundisha kwenye mpini, unamuuzia mteja pamoja na pedi ya wino ndani ya kikopo cha bati. Pedi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkera Chumvi. Ikikaa wiki inakauka. Ukiongeza wino inalowa, na muhuri wa kwanza unatoka kama mtu amekanyaga tope. Kila ofisi aliyopeleka muhuri alimkuta karani mmoja anaitemea pedi mate ili ifanye kazi.

"Serikali nzima inaendeshwa kwa mate," alikuwa akisema akirudi, na kucheka mpaka akohoe.

Basi akaamua kutengeneza muhuri unaobeba wino wake tumboni, mpira wenye vitundu vidogo kama sifongo, lakini vidogo mno hata jicho lisivione, ili wino utoke kwa kubonyezwa tu na kurudi ndani ukiachiwa. Kupata vitundu ndiyo ilikuwa kazi. Alianza na unga wa ngano, mpira ukaoza. Akajaribu sukari: alisaga sukari na mpira mbichi kwenye ile mashine ya rola mbili, akaukandamiza kwenye kalibu ya moto inayoupa umbo na maandishi, akauloweka ili sukari iyeyuke na kuacha nafasi yake wazi. Asubuhi karakana ilikuwa nyeusi kwa sisimizi. Mshonaji aliwafuata wale sisimizi kuanzia kwenye cherehani yake hadi mlangoni kwao, akauliza kama wamefungua hoteli. Ndipo Chumvi akahamia kwenye chumvi, ikasagwa laini kama poda, na hapo mambo yakakubali. Mwenye duka la vyakula alidhani wanakausha samaki kwa siri.

Wino nao ilibidi uwe wa namna yake, usikauke ndani ya mpira hata ukikaa mwaka, lakini ukifika kwenye karatasi unywewe papo hapo. Aliupata kwa mafuta ya nyonyo na rangi aliyoichemsha na kuichuja kwa kitambaa cha soksi mpya. Soksi hizo alizinunua kwa ajili hiyo tu. Zake za miguuni zilikuwa zimetoboka.

Lakini roho ya kazi yote ilikuwa kuosha. Chumvi ikibaki ndani ya mpira, hata kidogo, siku ya unyevunyevu huvuta maji kutoka hewani, na muhuri huanza kutokwa jasho. Huwezi kuiona chumvi hiyo. Unaweza kuionja. Na Chumvi mwenyewe, pamoja na jina lote hilo, hakuweza kuonja kitu. Sigara zilikuwa zimemuulia ulimi tangu ujanani. Chai yenye sukari na isiyo na sukari kwake zilikuwa maji ya moto. Kwa hiyo alikata kipande chembamba pembeni mwa mpira, akakiweka kwenye ncha ya kisu, akaja nacho mpaka kaunta.

"Dada, ulimi."

Dada Mkubwa angemwacha mteja hivyo hivyo mdomo wazi, afumbe macho, atafune, ateme kwenye kopo. "Bado." Chumvi hurudi akabadilisha maji bila neno. Kesho yake tena, "Dada, ulimi," na tena, mpaka siku atakaposikia, "Tayari." Wateja wageni walidhani ni wendawazimu wa ukoo. Wenyeji walizoea. Kwenye ukingo wa kila kalibu Chumvi alichonga nukta moja ndogo kama punje, ili itokee kwenye kila muhuri unaopita ulimi huo. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Makarani walijifunza kuitafuta kabla ya kununua.

Sasa nukta ilikuwa imebaki bila mwenyewe, na makarai yalikuwa yamejaa.

Ilikuwa kazi ya mahakama. Masjala ilikuwa imeagiza mihuri ya vyumba vyake vyote, na Chumvi alikuwa amemaliza kusaga na kukandamiza, nukta zake zikiwa zimetokea. Kilichobaki ni kuoshwa. Ndio mpira wa mwisho uliopita mikononi mwake, na Dada Mkubwa aliufunika kwa shuka safi kama vile nao una aibu ya kuonekana. Alijisemea jambo moja tu: mihuri hii itoke safi. Mengine, hata duka likifungwa, yatajulikana baadaye. Hii itoke kama alivyokuwa akitoa yeye, mtu asipate la kusema.

Waliokuja msibani walikuwa na ya kusema juu ya kila kitu. Walikaa kwenye viti vya kuazima, wakamsifu marehemu kwa sifa za watu wengine, wakala. Siku ya kwanza majirani walipika. Siku ya pili Dada Mkubwa alisema hataki kuhurumiwa jikoni mwake, akapika maharage mwenyewe, sufuria kubwa. Akawaona wageni wanatazamana. Mzee mmoja aliomba maji, kisha akaomba tena. Shangazi wa upande wa mama aliisukuma sahani yake taratibu, akasema tumbo linamsumbua.

"Wanakula bure na bado wanachagua," Dada Mkubwa alimwambia Kitinda, mdogo wao wa mwisho.

Kitinda aliitazama sufuria. "Pumzika, Dada," alisema. "Mimi nitapika cha jioni."

Na mume wa Kitinda ndiye aliyekuwa msumari wa moto juu ya kidonda.

Huyu bwana mtaani aliitwa Mtaalamu, na yeye hakugundua kuwa anachekwa. Alikuwa amepata kuwa mtaalamu wa madishi ya televisheni, mtaalamu wa visima, na mtaalamu wa kufuga kuku wasiougua. Kuku walikufa wote wakiwa na afya njema. Viatu vyake vilikuwa na ncha ndefu na vililia kila alipopiga hatua, hata ukiwa chumba cha tatu ulijua Mtaalamu anakuja kukueleza jambo. Kila sentensi aliianza na "kitaalamu". Mwaka uliopita Chumvi alianza kumtuma kupeleka mizigo maofisini, baadaye akamruhusu kuingia karakana, mwishowe wakawa wanacheka pamoja kule nyuma. Chumvi alimpenda. Hilo Dada Mkubwa hakuwa amemsamehe marehemu.

"Kitaalamu, shemeji," Mtaalamu alimwambia siku wageni walipoanza kupungua, "msiba una hatua zake. Hatua ya kwanza ni kukataa kula."

"Hatua ya pili?"

"Ni... ni hasira."

"Basi mimi nimeshafika ya pili. Nipishe nipite."

Alipita. Aliporudi kutoka uani alimkuta amesimama karakana, amevaa aproni ya Chumvi. Ile ile, yenye doa la bluu kifuani ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Ilimbana tumboni, kamba hazikufika nyuma, kwa hiyo alikuwa amezifunga kwa kipande cha waya. Alikuwa ameshaliondoa lile shuka, amekunja mikono ya shati, na anamwaga maji ya karai la kwanza.

"Nani kakwambia uguse hapo?"

"Maji yamelala siku nyingi, shemeji. Yamekuwa mazito. Kitaalamu, chumvi iliyotoka itarudi ndani."

"Hairudi ndani. Unajua nini wewe?"

"Marehemu aliniambia maji yasilale."

"Marehemu aliwaambia watu mambo mengi kwa sababu alikuwa na huruma."

Mtaalamu alimpa mgongo. Akafungua bomba, akajaza maji ya vuguvugu, akaupanga mpira tena kipande kwa kipande, polepole, kama mtu anayelaza watoto. Dada Mkubwa alimtazama kwa jicho la pembeni. Alitamani kumvua ile aproni, lakini mikono yake ilikuwa mizito tangu siku ile, na maji kweli yalihitaji kubadilishwa. Akaona heri mjinga afanye kazi ya mikono. Ya ulimi ingebaki kwake.

Siku zilipita hivyo. Viatu vinalia kwenda kwenye bomba, vinalia kurudi. Katikati yake hotuba: maji ya mvua na maji ya bomba tofauti yake nini, mpira unapumua vipi, huko ng'ambo wanafanyaje. Huko ng'ambo kwenyewe hajawahi kupaona hata kwa ramani. Wateja wakija anatoka mbele na aproni yake ya kubana, anawapa mkono uliolowa, anasema, "Mimi ndiye msimamizi wa uzalishaji." Mshonaji akasikia, akaja mbio kumwuliza Dada Mkubwa hilo ni shirika gani jipya.

"Ni hili hili," Dada Mkubwa alisema. "Limeota kitambi tu."

Kisha ikafika siku ya kuonja. Dada Mkubwa alikuwa kaunta, na kwa sekunde moja mwili wake ulijiandaa kusikia lile neno. Akasikia viatu. Mtaalamu alitokea amebeba kisahani cha chai, juu yake kipande cha mpira, na pembeni uma.

"Shemeji, tathmini."

Dada Mkubwa aliutazama ule uma. "Hiyo ni nini? Keki?"

"Ni usafi, shemeji."

Alikichukua kipande kwa vidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Hakuna. Akatafuna, akakizungusha, akakibana kwa meno ya nyuma. Hakuna kitu. Mpira mtupu, safi, kimya. Kwa Chumvi mwenyewe haikuwahi kutokea mpira ukakubali kwa kuonja mara ya kwanza, na moyo wake ukamchoma kwamba bahati hiyo imeangukia kwa huyu mwenye uma. Akatema kwenye kopo.

"Tayari."

Mtaalamu hakuondoka. Alisimama na kisahani chake. "Una hakika, shemeji?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Labda tuongeze maji mara mbili tatu, halafu uonje tena."

"Wewe ndiye wa kuniuliza mimi kama nina hakika?" Hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti tangu azaliwe, akiwa na hasira ndiyo hushuka kabisa. "Mimi nilikuwa naonja mpira huu wewe bado unazika kuku. Nimesema tayari. Kaukausheni, mtie wino, mpeleke."

Mtaalamu akainamisha kichwa. "Sawa, Dada," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo badala ya shemeji, na Dada Mkubwa aliona anajipendekeza.

Mihuri ilitoka mizuri. Walipoijaribu kwenye karatasi, herufi zilisimama kila moja peke yake, na nukta ya Chumvi pale ukingoni ilitokea kama kichwa cha sindano. Karani wa masjala, mama mmoja mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja kuipokea mwenyewe. Aligonga mmoja mmoja kwenye karatasi kuukuu, akasema, "Mungu amlaze pema. Mkono wake ule ule." Mtaalamu akaingilia kueleza kuwa, kitaalamu, toleo hili limeboreshwa. Karani alimtazama juu ya miwani kama anavyotazama watu wasio na wakili.

Kisha mvua zikaanza.

Zilikuwa mvua za kunyesha bila kupumzika, nguo hazikauki kwenye kamba, kuta zinatoa ukungu, chumvi ya mezani inagandamana kwenye kikopo. Karani alirudi asubuhi moja, mwavuli kwapani, amebeba boksi kifuani lililofungwa kwa magazeti. Hakusalimu. Alilitua kwenye kaunta, na sehemu ya chini ya boksi ilikuwa imelowa bluu.

"Chukueni watoto wenu," alisema. "Wanalia."

Dada Mkubwa alifungua. Kila muhuri ulikuwa na tone chini yake. Mingine ilikuwa imetiririka kwenye mpini. Karani alitoa karatasi kwenye mkoba, akaitandika mbele yake. Palipotakiwa kuwa na duara na maandishi, palikuwa na dimbwi.

"Hiyo ni hukumu ya talaka. Jina la mke limezama. Jana bwana kaja kuniuliza, mama, mahakama imeniachanisha na nani? Chumba kizima kimecheka. Hakimu kacheka. Mimi ndiye niliyewaambia wote, msinunue kwingine, tafuteni ile nukta." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa. "Yaani marehemu naye! Tumemlilia, tumemsifu, kumbe alikuwa anatubambikia."

Dada Mkubwa aliigeuza ile karatasi uso chini. Maneno aliyokuwa akiyaogopa tangu aufunike ule mpira kwa shuka ndiyo hayo, yametoka kwenye mdomo ambao haukuwa na desturi ya kusema uongo. Aligeuka. Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, amevaa aproni.

"Muulize huyo," Dada Mkubwa alisema. "Msimamizi wa uzalishaji."

Karani akageuka naye. Mtaalamu alifuta mikono kifuani, juu ya lile doa.

"Ni mimi, mama," alisema. "Marehemu alishamaliza yake. Kilichobaki kilikuwa kuosha, na maji nilikuwa nayo mimi. Niliharakisha. Chumvi imebaki ndani, ndiyo inayovuta unyevu. Wino hauna kosa na marehemu hana kosa."

"Si ulisema umeboresha?"

"Nilisema."

"Ndiyo kuboresha kwenyewe huku?"

"Ndiyo huku, mama."

Safari hii hakusema "kitaalamu". Karani alifunga mkoba. "Basi nitawaambia hivyo. Marehemu hana kosa, kuna mpumbavu mmoja amebaki. Mtengeneze mingine. Kwa sasa tumerudi kwenye pedi, tunatema mate kama zamani." Akafungua mwavuli mlangoni na kuondoka.

Dada Mkubwa alitegemea kufurahi. Jina la Chumvi limepona, mwenye kosa amejitaja mwenyewe mbele ya shahidi, kila alichowahi kufikiri juu ya shemeji huyu kimethibitishwa na mahakama. Alichukua muhuri mmoja kutoka kwenye boksi, akautoa mpira kwa kisu, akaukata ukingo. Alitaka kumwonyesha. Alitaka amwambie, hebu sikia ulivyo mkali, hata mtoto angejua. Kwa sababu yeye alionja kipande ambacho huyu bwana alikichagua, na kwa vyovyote alichagua kizuri, akaficha vibaya.

Alikitia mdomoni. Akatafuna.

Hakuna kitu.

"Hata huu hauna chumvi," alisema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Mbona unalia kama hauna chumvi?"

Kitinda alikuwa ameingia na birika la chai. "Leta," alisema, akachukua kipande kidogo, akakigusa na ncha ya ulimi. Akakitema papo hapo kwenye kiganja. "Loo! Dada, hii chumvi tupu. Kama yale maha..."

Akaziba mdomo. Lakini ilishatoka.

Dada Mkubwa alimtazama mdogo wake, halafu akalitazama lile debe la chumvi iliyosagwa kwenye rafu ya chini. Akaenda, akafungua, akachota kwa kijiko cha kupimia, akajaza mdomo. Kitinda alipiga kelele. Ilikuwa kama mchanga. Aliutafuna mchanga ule akiwa amesimama, macho makavu, akimkumbuka yule mzee aliyeomba maji mara ya pili, na shangazi na sahani yake. Alikuwa amewasema vibaya kwa wiki nzima. Na chai alizokuwa akinywa tangu siku ile? Hakuwa amekumbuka hata kuuliza kama zina sukari.

Alitema kwenye kopo. Ilichukua muda.

"Ulionja?" alimuuliza Mtaalamu, bila kumtazama.

"Nini?"

"Siku ile na kisahani chako. Kabla hujaniletea. Ulionja?"

Viatu vililia kidogo. Alikuwa anahamisha uzito. "Nilionja."

"Ukaona nini?"

"Niliona chumvi, shemeji."

"Ukaniacha niseme tayari?"

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza! Kwa nini hukusema? Kutwa unasema! Unasema maji, unasema hewa, unasema ng'ambo, hakuna kitu hapa ndani hujakisema! Siku moja ya maana ndiyo unauliza?"

Mtaalamu alianza kufungua ule waya wa aproni, akashindwa, akauacha. "Marehemu aliniambia siku ya kwanza kabisa niliyoingia humu," alisema. "Aliniambia, shemeji, humu ndani bishana na mimi, bishana na mashine, bishana hata na moto. Ulimi wa Dada haubishaniwi. Nikajiambia, mimi ni nani? Labda ulimi wangu ndio mbovu. Mimi nimekosea mambo mengi."

"Umekosea yote," Dada Mkubwa alisema.

"Karibu yote," alikubali.

Kitinda alianza kucheka, akaishia kulia, akakaa juu ya boksi la mipini. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nje mshonaji alikuwa anamfokea mtu juu ya pindo.

Dada Mkubwa hakumwomba radhi. Alijaribu siku mbili tatu, maneno yakafika kooni, halafu bwana akaanza kueleza jinsi ulimi wa binadamu ulivyogawanyika, kama shamba, eneo hili tamu na eneo hili chungu, na maneno yakarudi chini. Alichoweza kufanya alikifanya kwa mikono. Alimtafutia aproni nyingine, kubwa, yenye kamba ndefu. Ile ya Chumvi aliifua, haikutakata, akaitundika kwenye msumari karibu na bomba.

Walianza upya. Kalibu za Chumvi zilikuwepo, na nukta zilikuwa ndani ya kalibu, kwa hiyo zilitoka zenyewe. Mihuri ilipokuwa tayari Dada Mkubwa aliipeleka masjala mwenyewe kwenye mvua, akasimama mbele ya dirisha la karani.

"Lile kosa halikuwa la shemeji yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeonja. Ulimi wangu umekufa tangu msiba."

Karani alikuwa anagonga karatasi. Aligonga nyingine tatu kabla ya kuinua macho. "Dada Mkubwa, mimi nataka muhuri usiolia. Habari za ulimi peleka hospitali." Halafu akaivuta miwani chini kidogo. "Pole lakini."

Hospitali alikwenda. Daktari alimmulika tochi, akasema huenda ulimi utarudi, huenda usirudi, akamwandikia vidonge ambavyo kwake vyote vina ladha moja.

Siku hizi anayeonja ni Mtaalamu. Anakata kipande pembeni mwa mpira, anakiweka kwenye kisahani, anakichoma kwa uma. Anafumba macho zaidi ya inavyohitajika na kuinua kidevu, ili kama kuna mteja aone. Dada Mkubwa humsubiri amesimama kando ya makarai, midomo ameibana.

"Kitaalamu," anasema, "bado."

Dada Mkubwa anamwaga maji, anafungua bomba, na hatoki pale mpaka alifunge.